Rimu za Rangi ya Bilinganya

Mume wake aliingia dukani kama mteja, akasimama nyuma ya watu wawili akingoja zamu yake. Mama Nta alipomwona kutoka kwenye kaunta alidhani amesahau ufunguo wa nyumba, maana katika miaka mitatu ya ndoa yao hakuwahi kukanyaga mle ndani. Akija kumchukua jioni hupiga honi nje, basi. Siku hiyo alikuwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Zamu yake ilipofika akaifungua, akaisoma kimoyomoyo, ndipo akauliza.

"Nina rimu za gari zimepakwa rangi upya. Nataka dawa ya kuikinga ile rangi. Ipi inadumu kuliko zote?"

Jina la Mama Nta alipewa na madereva. Duka lake lilikuwa dogo, rafu tatu na kaunta ya kioo, lakini vitu vyote vya kuogeshea na kung'arisha gari vilikuwa mle, na ukimgusia habari za nta ujue umeshakaa kitako, hutoki mapema. Kwa hiyo hata kabla hajajiuliza mumewe ana rimu gani, mdomo ulishaanza kazi.

"Ziko tatu. Hii ya kwanza ni nta ya kopo. Unapaka kwa sponji, unafuta, inang'aa mpaka unajiona. Lakini rimu zinapata moto wa breki, na nta na moto hazipatani. Mwezi mmoja, miwili ukibahatika, umerudi hapa. Hii ya pili ni ya kupuliza, inakaa kama nusu mwaka. Ya tatu ni seramiki." Akatoa kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. "Ikishakauka inakuwa kama kioo juu ya rangi. Vumbi la breki halishiki, tope linateleza lenyewe. Miaka miwili, hata mitatu."

"Hiyo," akasema mumewe bila kufikiri.

"Ni gari la nani?"

Akaikunja karatasi yake pole pole, akairudisha mfukoni. "La mama yake binti."

Mama Nta akakirudisha kichupa kwenye kioo taratibu, kama mtu anayelaza yai.

Gari lenyewe alilijua. Lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na kila alipoanika nguo alilipita ubavuni. Marehemu, mke wa kwanza wa mumewe, alikuwa akishona sare za shule na kuzisambaza kwa gari hilo, na mji mzima ulilijua kwa sababu ya rimu zake zilizopakwa zambarau nzito, rangi ya bilinganya. Hata sasa, miaka sita tangu azikwe, mtu akimtaja humtaja kwa rimu zake, tena akitabasamu. "Mama wa bilinganya, maskini. Ukiona zile rimu zimesimama mlangoni, unajua sare zimekuja." Mama Nta alisikiliza hadithi hizo akitikisa kichwa kwa heshima, huku moyoni ni kama mtu anamkata kwa wembe.

Hakuwa mtu wa wivu hapo zamani. Na mwanamke aliye hai angemmudu. Aliye hai unampima: ana kisigino kilichopasuka, anasema sana, anazeeka kama wewe. Huyu alikuwa hazeeki. Hakuwahi kuunguza mboga, hakuwahi kununa, hakuwahi kuulizwa kwa nini amechelewa. Alikaa ukutani sebuleni ndani ya fremu, kichwa kimeinama kidogo kama anayetaka kucheka, na kila mtu alimwachia nafasi.

"Binti anaanza kazi mwezi ujao," mumewe akaeleza. "Maabara ya ile hospitali ni mbali, atahitaji usafiri. Rimu nimezipeleka kwa Kinyonga azipake. Nataka aje alikute gari kama mama yake alivyoliacha."

"Hukuniambia."

"Ndiyo nakwambia."

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Alipotoka, Mama Nta alibaki akitazama mlango. Miaka mitatu mumewe hakuwahi kumuuliza nta ni nini. Hakuwahi kumuuliza, kwa kitu chochote, kipi kitadumu zaidi. Leo amekuja na karatasi.

Mchana alifunga duka akaenda kwa Kinyonga. Huyu fundi rangi aliitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na siku mikono yake ilikuwa na rangi ya jana. Karakana yake ilinuka thina ya kuyeyushia rangi mpaka barabarani. Rimu nne zilikuwa zimelala juu ya meza ya mbao, na Mama Nta, pamoja na yote, alikiri moyoni kwamba ni nzuri. Zambarau iliyokaribia kuwa nyeusi, ambayo mwanga ukiigusa inaamka.

"Nimekamilisha jana," Kinyonga akasema, akijifuta kidevu kwa kiwiko. "Mumeo amenitesa. Nimechanganya rangi mara nne. Alisimama hapo ulipo siku nzima, hajala, ananiambia bado, bado, ilikuwa na wekundu kidogo. Tulipoipata hakusema kitu. Alikwenda nje."

"Nje kufanya nini?"

"Sikumfuata. Mtu akienda nje unamwacha." Akaigusa rimu kwa ncha ya kidole. "Sina haja ya kukufundisha kazi yako, lakini hii imekaukia hewani, sina jiko la kuichoma. Iache ipumue mwezi mzima kabla hujaifunika na dawa yoyote. Maji na sabuni laini tu."

"Najua," akasema Mama Nta, na alijua kweli. Rangi mbichi hukauka juu kwanza, thina iliyo ndani hutoka taratibu kwa wiki kadhaa. Ukiifunika mapema kwa kitu kigumu kama seramiki unaifungia pumzi. Alishawaeleza wateja jambo hilo hadi koo likakauka.

Jioni Mwalimu alimwuliza wakiwa mezani. "Jumamosi inayofuata binti anakuja. Ile dawa tunaweza kuipaka kabla hajafika? Kinyonga alisema kitu kuhusu kusubiri, sikumwelewa vizuri."

Mama Nta alikuwa ameshika kijiko. Aliiona ile rangi ikiamka kwenye mwanga, akamwona mumewe amesimama siku nzima bila kula, akaiona fremu ukutani juu ya bega lake.

"Inafaa," akasema.

"Una hakika?"

"Kama sijui mimi, nani ajue?"

Neno moja, na lilikuwa limetoka. Usiku ule alijiambia kwamba ametimiza tu alichoombwa. Mumewe ametaka seramiki, atapewa seramiki, tena ile bora kabisa dukani. Nani atamlaumu mtu aliyetoa kitu bora?

Siku ya tano tangu rangi ipakwe, aliifanya kazi hiyo uani kwake, kivulini. Aliziosha rimu, akazikausha, akazifuta vumbi la mwisho kwa kitambaa laini, akaanza kudondosha matone na kuyasambaza kwa sponji, msalaba juu ya msalaba, akisubiri kidogo kabla ya kufuta ili isiache alama. Mkono wake haukujua kufanya kazi mbovu, hata moyo ulipotaka. Na Mwalimu, ambaye hakuwa na mwanafunzi asubuhi hiyo, akaja na kigoda akakaa. Akawa anamtazama.

"Naomba nikushikie kitambaa," akasema baada ya muda.

Akakishika. Kila mkewe alipogeuza rimu, naye aligeuka. Ilipofika ya tatu akasema, "Sikujua kazi yako ina utulivu namna hii. Nilidhani ni kuuza makopo tu. Una mkono wewe."

Maneno hayo Mama Nta aliyangoja miaka mitatu, na yamekuja sasa, juu ya kitu anachokiharibu. Angeweza kusema hapo hapo, rimu ya nne bado haijaguswa, na dawa ya zile tatu ingefutika kabla haijakauka. Alifungua mdomo. Mwalimu akainama, akaitazama ile rangi kwa karibu na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Mama Nta akaufunga mdomo, akaichukua rimu ya nne.

Binti alifika Jumamosi, mrefu, mwembamba, mifuko miwili begani. Alimwita Mama Nta "mama mdogo" kwa adabu isiyo na kasoro, na adabu hiyo ilikuwa ukuta baina yao. Alipozunguka nyuma ya nyumba akaliona gari bila turubai, alisimama. Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaweka kiganja juu ya rimu, akalia bila sauti. Baba yake akamwambia, "Mama yako mdogo ndiye aliyezimalizia. Kwa mikono yake." Binti akainuka, akaja akamkumbatia Mama Nta kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Mama Nta alisimama ndani ya mikono ile kama nguzo ya umeme.

Wiki tano zilipita. Kila alipofungua duka alijiambia huenda isitokee kitu. Kuna rangi husamehe.

Siku ya Jumatano, saa nne hivi, binti aliingia dukani peke yake. Uso ulikuwa umesawijika. "Mama mdogo, baba yuko kazini? Naomba uje nje mara moja. Na naomba usimwambie."

Gari lilikuwa limeegeshwa mbali, kwenye uchochoro nyuma ya duka la vitambaa. Mama Nta hakuhitaji kuinama. Rimu zilikuwa zimefanya ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagwa na kufutwa vibaya, na karibu na breki, kwenye joto, zimetoka vipele vidogo vidogo. Kwenye rimu moja ngozi ya rangi ilishaanza kuinuka.

"Nimeziharibu," binti akasema. "Nilipita kwenye tope, nikaona zimechafuka, nikachukua dawa ya kusafishia vigae. Ina asidi. Mimi nafanya kazi na asidi kila siku, mama mdogo, nilikuwa na akili gani? Baba alinipa kitu kimoja tu cha mama. Silali. Nisaidie, tafuta dawa yoyote, nitafanya chochote, ila asijue."

Alikuwa amemshika mkono, amemganda. Mama Nta alitazama vile vidole vyembamba, na akaona njia ikiwa wazi mbele yake, pana, imefagiliwa. Angesema pole mwanangu, asidi ni mbaya. Angemtunzia siri, na binti angemshukuru maisha yake yote.

"Hukuharibu wewe," akasema.

"Usinifariji."

"Asidi ingeila rangi kutoka juu. Hii imevimba kutoka ndani. Gusa hapa. Unasikia ilivyo laini chini? Rangi mpya inatakiwa kupumua mwezi mzima kabla ya kufunikwa. Hizi zilifunikwa siku ya tano."

Binti alikunja uso, akawaza. Alikuwa mtu wa maabara, jambo likishapangwa mbele yake huliona. "Lakini ni wewe uliyezifunika. Hukujua?"

Mtu aliyebeba gunia la mkaa alipita, wakampisha. Mama Nta alingoja mpaka afike mwisho wa uchochoro.

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilimwonea wivu mama yako. Sina maneno mengine. Baba yako alisimama siku nzima akitafuta rangi yake, na mimi nikaona, mimi nitakufa hajui hata napenda rangi gani."

Binti aliuachia mkono wake. Hakumtukana. Alifungua mlango, akaketi nyuma ya usukani, akawasha gari akaondoka.

Mama Nta hakurudi kuuza. Alifunga duka, akaenda nyumbani, akamngoja Mwalimu sebuleni. Alijua kwamba akisubiri, habari itafika kwa mdomo mwingine, na aliona afadhali itoke kwake. Mumewe alipoingia alimwambia yote kabla hajavua viatu, tangu Kinyonga hadi uchochoroni. Mwalimu alisikiliza amesimama.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mara mbili."

Akachukua kikombe chake mezani, akaenda kukiosha, ingawa kilikuwa safi.

Siku zilizofuata aliongea naye ya lazima tu. Maji yamekatika. Gesi imekwisha. Asante. Mama Nta angependa afokewe. Alizoea kudhani kwamba ukimya wa mumewe ni wa mtu anayemkumbuka marehemu. Sasa alipata ukimya uliokuwa wake mwenyewe, na ulikuwa mzito kuliko ule.

Siku ya tatu ya ukimya huo alikwenda kwa Kinyonga. Akakuta gari limeshafika, limeinuliwa juu ya mawe, rimu zimetolewa. Binti ndiye aliyelileta.

"Nataka kuzikwangua mwenyewe," Mama Nta akasema.

"Nilikwambia mwezi," Kinyonga akajibu.

"Uliniambia."

Fundi alimtazama, akaona hapana haja ya kuongeza. "Basi msasa uko pale. Anza na ule mkali, maji kwenye ndoo."

Ile seramiki aliyowasifia watu miaka yote kwa ugumu wake sasa ilimwonyesha ugumu wenyewe. Alisugua siku nzima akamaliza rimu moja na nusu. Kucha zilikatika, viganja vikawa vyekundu, na chini ya ukungu rangi mbichi ilijikunja kwenye msasa kama uji. Kesho yake alirudi. Alipokuwa kwenye rimu ya tatu akasikia hatua, na binti akageuza ndoo tupu, akaikalia, akachukua kipande cha msasa bila kusalimia.

Walisugua kitambo kirefu.

"Unajua kwa nini zilipakwa rangi hii?" binti akauliza, macho kwenye kazi.

"Sijui. Sikuwahi kuuliza."

"Mama alikuwa hajui kuegesha gari."

Mama Nta akainua kichwa. "Mke wa mwalimu wa udereva?"

"Ndiyo maana. Baba alijaribu kumfundisha, wakagombana mpaka baba akashuka akarudi nyumbani kwa miguu. Mama hakukubali tena kufundishwa. Akikaribia ukingo wa barabara unasikia krrr. Rimu zilichubuka zote nne. Fundi akamwambia rangi ya fedha itaonyesha kila mkwaruzo, achague nzito. Alikuwa ametoka sokoni, akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa bilinganya. Akasema paka hii."

Mama Nta hakutaka kucheka, aliona si haki yake, lakini kicheko kilimtoka puani. Kinyonga, aliyejifanya hasikii, akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Binti naye akashindwa. Wakacheka wote, msasa mkononi, maji yakiwatiririka hadi viwikoni.

Kisha binti akaurudisha msasa kwenye rimu. "Sijakusamehe, mama mdogo."

"Najua."

"Nacheka tu."

"Cheka, mwanangu."

Kinyonga alipaka rangi upya mwisho wa wiki. Mwalimu alikuja kuithibitisha. Safari hii ilipatikana mara ya pili, na uso wake ukalainika vile vile, na wembe ukampita Mama Nta pale pale ulipozoea kupita. Lakini hakuumeza uchungu.

"Nikwambie ukweli," akasema, "bado naumia ukiiangalia hivyo."

Mwalimu akageuka. Yalikuwa maneno yao ya kwanza yasiyo ya gesi wala maji kwa siku tisa. "Nilidhani hujali. Hukuwahi kumtaja hata siku moja. Nikaona afadhali nifanye mambo yake pembeni, nisikusumbue."

"Hukuniuliza."

"Wala wewe hukuniuliza."

Alisimama akipangusa mikono isiyo na uchafu. Halafu akasema, akiitazama meza, "Unapenda rangi gani?"

Mama Nta alifikiri. Aliona aibu kwamba hakuwa na jibu tayari. "Nitakwambia," akasema. "Nipe muda."

Mwezi ulipokwisha, wakauhesabu siku kwa siku, binti alikuja dukani na kusimama mbele ya kaunta ya kioo. Mama Nta akampangia makopo na vichupa, akamweleza kila kimoja kama anavyomweleza mteja yeyote, bila kusema kipi achukue. Binti aliinua kichupa cha seramiki, akakitazama, akakirudisha. Akainua kopo la nta, akacheka kidogo, akasema hana muda wa kusugua rimu kila mwezi kwa zamu zake zile za maabara. Akachukua ile ya kati, ya kupuliza.

"Nusu mwaka inatosha," akasema. "Nikiona inapungua nitapaka mwenyewe. Nionyeshe tu inavyopakwa."

Wakatoka nje na vitambaa viwili. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, karibu mno na ukingo, Mama Nta akaona lakini hakusema. Alimwonyesha kupuliza kwenye kitambaa na si kwenye rimu, kwanza ndani ya mapengo, kisha uso. Walipokuwa kwenye gurudumu la nyuma, mpita njia mmoja, mama wa makamo, akasimama akatabasamu. "Hizi si rimu za yule mama wa sare? Maskini, alikuwa mtu."

"Ndizo," Mama Nta akajibu. "Huyu ni binti yake."

Ilimuuma kidogo. Akageuza kitambaa upande mkavu, akaendelea kufuta.